Aliyefika kwa Miguu Yake Ni Mzima

Itambulike na wote, wanaume na wanawake, wanaosikia na wanaojifanya hawasikii, kwamba kuanzia Jumatatu ijayo udhaifu wote ndani ya sheferi hii utasimamiwa na Serikali. Hakuna mtu atakayeruhusiwa tena kuwa dhaifu kwa mpango wake mwenyewe.

Ndivyo tangazo lilivyosomwa sokoni Masisi, mwezi wa saba wa mwaka 1955, na Evode, sekretere wa sheferi, yaani karani wa eneo la chifu, akiwa amesimama juu ya gunia la maharagwe la mtu mwingine. Filimbi ikalia. Watu wakapiga makofi kwa bidii, kwa sababu Evode alikuwa na tabia ya kuangalia ni mikono ya nani imetulia.

Nyuma ya gunia alisimama Raphaël, mtoto wa Munyakazi, kijana wa miaka kumi na saba, soksi zimevutwa mpaka magotini, uso kama wa mtu aliyeiokoa nchi kabla ya chakula cha asubuhi. Kamisyoni ya Udhaifu, tume ya kuwapima wadhaifu, ilikuwa wazo lake. Siku ile alitamani kilima kizima kijue. Kabla ya wiki kwisha alitamani kilima kisahau, lakini vilima vya Masisi havikupewa kipaji hicho.

Chanzo kilikuwa mablanketi. Kanisa moja la Waingereza huko Uganda lilikuwa limetuma marobota ya mablanketi ya sufu. Yalikuja kwa lori mpaka Sake, na kutoka Sake yakapanda juu ya vichwa vya watu. Kila robota lilishonewa kitambaa chenye maandishi, na katikati neno moja lilikuwa kubwa kuliko ndugu zake: *weakness*. Bwana Administrateri, mkubwa wa teritware, yaani wilaya, alijua Kifaransa, Kiflama, na Kiswahili kinachotosha kukasirika. Kiingereza hakukijua. Alilitazama neno lile kama mtu anayetazama nzi ndani ya supu yake, akauliza ni nani anayeweza kulitolea maana.

"Iko mutoto ya Munyakazi, ile ya shule ya mapadri," alisema Mbonigaba, kapita, msimamizi wa kazi ya barabara. "Anajuaka luga yote. Luga ya kusalimia bakubwa tu njo hajui."

Kusema kweli, Raphaël alijua Kiingereza cha ukurasa mmoja. Mwaka uliotangulia, kule bwenini, alikuwa amemfunga mbuzi kwenye kamba ya kengele, na mbuzi akawaamsha mapadri kusali saa ambayo hata Mungu hakuwa amewaomba. Adhabu yake ilikuwa kunakili ukurasa wa kamusi ya Kiingereza mpaka mkono ufe ganzi. Kwa hiyo alikijua Kiingereza chote kinachokaa kati ya nta na harusi: silaha, utajiri, kicheche, hali ya hewa. Nje ya hapo alikuwa bubu. Lakini neno la Bwana, kwa ile bahati ambayo mjinga huiita akili, lilikuwa limelala katikati ya ukurasa huo huo.

"Neno hii," alisema Raphaël, mikono nyuma, kidevu juu, "iko na maana tano."

"Tano?" alishtuka Bwana.

"Ya kwanza, mwili hauna nguvu. Ya pili, moyo hauna ujasiri. Ya tatu, kasoro ndani ya tabia ya muntu. Ya ine, fasi kwenye ukuta ao daraja inaweza kuvunjika. Ya tano, kupenda kitu mpaka unashindwa kuikatala. Sukari, pombe, bibi ya jirani."

"Sasa mablanketi ni ya wadhaifu gani?"

Mtu mwenye akili angejibu kwamba blanketi ni la mtu anayesikia baridi. Raphaël alijibu: "Ya bote, Bwana. Neno haikuchagua."

Bwana alizunguka meza mara kadhaa. Jumamosi ya wiki ile ile ya kamisyoni, Mkaguzi kutoka Bukavu angefika. Alitaka kumwonesha teritware isiyo na udhaifu, si wa kwanza si wa tano. Tena barabara ya Ntoto ilitaka mikono, na sheria ilikuwa wazi: aliyeandikwa kuwa dhaifu haendi barabarani. Kwa hiyo wadhaifu walipaswa kutafutwa kwa uangalifu mkubwa, wasije wakapatikana. Mablanketi yakikosa wenyewe, yangebaki depo, ghalani mwa Serikali. Moja lilikuwa tayari limepata mwenyewe, nalo lililaliwa na mbwa wa Bwana.

"Na nani atawapima?" aliuliza. "Daktari anakuja siku anayotaka."

Hapo ndipo Raphaël alipopaswa kufunga mdomo.

Katika vilima vile, kila kundi la nyumba lina ngobi yake, kitanda kilichosukwa kama kikapu kirefu na kufungwa kwenye miti miwili. Mtu akizidiwa na ugonjwa, majirani wanambeba mpaka dispanseri, wakibadilishana mabega. Halipwi mtu. Lakini ngobi ina adabu zake. Aliyebebwa hakanyagi chini kabla hajanywa uji. Wanawake humzunguka na kumpa pole kwa sauti ya chini. Na waliombeba hawarudi kwenye kazi yoyote mpaka siku mgonjwa atakaposimama na kuwapa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa mkono wake. Tena hakuna anayepanda ngobi kwa mchezo. Ngobi ikimbeba mtu mzima, wanasema, inajifunza njia ya kwake.

"Bwana Administrateri," alisema Raphaël, "huku kwetu mugonjwa anajulikana bila daktari. Anabebwaka. Mwenye kufika na miguu yake, ule iko muzima."

Lilitoka kama methali, naye mwenyewe akalipenda. Bwana alilipenda zaidi. Macho yakamng'aa kama ya mtu aliyeambiwa kwamba kodi inaota yenyewe.

"Evode! Andika. Kifungu cha kwanza."

Evode alikuwa ameshaandika. Yeye aliandika kila kitu ambacho Bwana alikisema kwa sauti kubwa, hata chafya alikuwa akiiwekea nafasi.

Jumatatu meza tano zilipangwa uwanjani mbele ya ofisi, kila maana ya neno na meza yake. Raphaël alikabidhiwa mihuri miwili, ambayo wenyewe waliiita kashe. Kazi yake ilikuwa swali moja tu: "Umefika namna gani?" Ukijibu kwa miguu, kashe ya kwanza inakuangukia: MZIMA. Ukijibu kwa mabega, ya pili: DHAIFU.

Meza ya kwanza, ya mwili, ilipata wazee, wenye kikohozi, na Mama Mukamurenzi aliyefika akishikilia miti ya uzio mmoja baada ya mwingine kama anayesali rozari. Mzima. Meza ya pili, ya kukosa ujasiri, haikupata mtu, maana waliostahili waliogopa kuja. Meza ya tatu, ya kasoro za tabia, ilizingirwa na wanawake waliokuja kuandikisha kasoro za waume zao. Wa mbele alikuwa Mama Godelieve.

"Andika bwana yangu. Anakoromaka, anadanganyaka, na akikula hanyamaze."

"Mama Godelieve, hapa kila muntu anasema kasoro yake mwenyewe."

"Yangu? Miye niko na moya tu. Nilikubali kuolewa."

Kwenye meza ya nne Mbonigaba alileta habari za daraja moja la barabarani ambalo lilianza kulia chini ya miguu ya watu. Evode aliliwaza sana jambo hilo. Daraja halikuja kwa miguu, lakini pia halikubebwa. Likaahirishwa. Meza ya tano ilijaa wazee wenye kupenda kasiksi wasiyoweza kuikataa, waliokuja wakiimba kama wanaokwenda kwenye ubatizo, na ambao waliporudi kwao, wazima wote kwa amri ya Serikali, walikunywa kuusherehekea uzima huo.

Hakuna aliyebebwa. Haikuwezekana abebwe. Wanaume wenye mabega, wale wa ngobi, wote walikuwa kwenye barabara ya Ntoto, wanachimba. Jambo hilo Raphaël alilijua vizuri kama anavyojua jina lake. Hakuwa amelifikiria. Alikuwa anafikiria methali yake.

Jua lilipokaribia utosini, mtu alitokeza kwenye kona ya mwisho ya njia inayopanda kutoka bondeni. Alikuwa anakuja kwa fimbo na mguu mmoja. Wa pili aliuburuta pembeni kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Mwaka wa jana, barabarani, mti uliangukia upande mbaya, nyonga yake ikapona upande mbaya vilevile. Alikuwa ameondoka nyumbani umande ukiwa bado chini. Shati lilimgandia mwilini. Alikuwa Munyakazi, baba yake Raphaël.

"Bwana mukubwa," alisema, akiegemea meza ya kwanza, na kwenye macho yake kulikuwa na kicheko kidogo cha mzazi anayemwona mtoto wake nyuma ya meza. "Nimefika."

Raphaël alitazama kashe. Alitazama Evode. Evode alikuwa amesimama nyuma yake kabisa, kalamu imechovywa.

"Muulize," alisema Evode.

"Papa... umefika namna gani?"

Munyakazi hakuwa mtu wa kudanganya, wala hakujua kwamba swali lilikuwa mtego. Wala aliyeutega hakujua, mpaka sasa.

"Na miguu, mutoto yangu. Na ile ile miguu yenye unajua."

"Na miguu!" alisema Evode kwa furaha safi ya mtu wa ofisi. "Muzima. Jumatatu ingine iko ku barabara ya Ntoto. Piga kashe."

"Sekretere, angalia hii nyonga..."

"Kifungu ya kwanza ni ya nani? Si yako? Piga, ao nimuite Bwana."

Raphaël akapiga. Wino ulikuwa mwingi, ukatapakaa mpaka kwenye kidole chake, na hata sabuni ya shule haikuuondoa wiki ile nzima.

Jioni, mama yake, Thacienne, hakumkemea. Ingekuwa nafuu. Alimtolea kiti cha wageni. Akammwagia maji mikononi kwa birika, ameinama kidogo, jinsi anavyofanyiwa padri.

"Karibu, Bwana Kamisyoni," alisema. "Kwetu tuko na maharagi tu. Ni chakula ya bantu bazima, sijue kama utaiweza."

"Mama, tafazali."

"Anasema tafazali! Munyakazi, usikie vile Serikali inasemaka muzuri."

Munyakazi alikuwa amelala na nyonga juu ya mto wa majani ya ndizi. Alijua anachokijua: mwaka wa jana barabara ilikula mguu, mwaka huu ingekula kilichobaki.

Raphaël alijaribu kutengeneza alichoharibu, kwa akili ile ile iliyokiharibu. "Papa, kesho nitaita barafiki yangu tukubebe na ngobi mpaka ku ofisi. Tutasema ugonjwa ilizidi."

"Hapana."

"Lakini uko mugonjwa kweli!"

"Kesho asubui niko na nguvu ya kufika ku ofisi, na bantu bote balishaniona nafika. Ngobi haibebake buongo. Hata buongo ya kuokoa miye."

Thacienne alikuwa anachagua maharagwe ya kesho kwenye ungo, akitupa mabovu nje kwa kuku. Mkono wake ukasimama.

"Bwana Kamisyoni," alisema polepole. "Huyu Bwana Administrateri yako. Akikuyaka ku sherehe, anafikaka namna gani?"

Raphaël alifungua mdomo kujibu. Kisha akaufunga, kwa mara ya kwanza wiki ile, kwa wakati unaofaa.

Jumamosi ofisi ilipambwa kwa maua. Mkaguzi wa Bukavu alifika mapema, peke yake, amepanda kwa miguu. Alikuwa mtu mwembamba kama mpini wa mkuki, mwenye kofia iliyokunjamana, na aliyependa kutembea kama wengine wanavyopenda sukari. Raphaël alimuuliza swali lake kwa heshima. "Kwa miguu," alijibu Mkaguzi. Raphaël akampigia kashe ya MZIMA kwenye karatasi, na Mkaguzi akaikunja akaitia mfukoni, ameridhika.

Kisha kutoka bondeni wimbo ukasikika, na Bwana Administrateri akatokeza kama kawaida yake: ndani ya kipoyi, kile kiti cha wakubwa kilichofungwa kwenye miti, juu ya mabega ya wanaume, viatu vyake vya sherehe viking'aa hewani bila hata punje ya vumbi.

Raphaël akasogea mbele.

"Bwana Administrateri, umefika namna gani?"

"Unaona namna gani! Wacha ujinga. Shusheni!"

"Juu ya mabega," alitangaza Raphaël, na kashe nyingine, ile ya DHAIFU ambayo wino wake ulikuwa haujaguswa tangu Jumatatu, ikaanguka juu ya meza ya kwanza kama mlango unaofungwa.

Hapo Thacienne akatoka nyuma ya ofisi, na nyuma yake wanawake wa kilima kizima, kila mmoja na kibuyu cha uji wa mtama, vitambaa vimefungwa kichwani jinsi ya kumtembelea mgonjwa.

"Pole, Papa," walisema kwa sauti ya chini. "Pole sana. Ilikushika wapi?"

"Nini? Shusheni mimi!"

"Asikanyage!" Thacienne aliwafokea wabebaji. "Hajakunywa uji!"

Wabebaji walikuwa watoto wa vilima vilevile. Kati ya Bwana anayepiga kelele na mama anayekataza mgonjwa akanyage, mikono yao ilimjua wa kumtii. Kipoyi kikabaki juu. Mama Godelieve akapanda juu ya kiti cha ofisi, akamfunika Bwana kwa blanketi la Waingereza, akamtilia kibuyu mdomoni.

"Kunywa, Papa. Hata bwana yangu alianzaka hivi, kupiga kelele tu."

"Huyu ni nani?" Mkaguzi aliuliza.

Evode alikuwa mtumishi mwaminifu, na uaminifu wake ulikuwa kwa vifungu. Akasimama wima. "Ni mudaifu wa teritware, Monsieur. Wa pekee. Bengine bote balifika na miguu."

Bwana alitema uji. "Mimi si mgonjwa!" aliunguruma. "Mtu anaweza kubebwa na yuko mzima! Na mtu anaweza kuja kwa miguu na yuko mgonjwa! Wajinga ninyi, miguu haisemi kitu!"

Aliyasema kwa sauti kubwa. Kwa hiyo Evode aliyaandika. "Kifungu ya pili," alinong'ona, akipuliza wino ukauke.

Mkaguzi alikuwa anatazama upande mwingine, ambako Munyakazi alikuwa amesimama kwa fimbo yake kando ya uzio. "Na huyu?"

"Iko muzima, Monsieur. Kifungu ya kwanza."

"Na kwa kifungu cha pili?"

Evode alitazama karatasi, kisha nyonga ya Munyakazi, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake aliiona nyonga kwanza. "Kwa ya pili... inaonekana hapana."

"Basi asiende barabarani. Mpeni blanketi, na wapimeni wengine upya, kwa macho." Mkaguzi akamgeukia Bwana, ambaye hatimaye alikuwa ameshuka, na uji ukimtiririka kwenye kola. "Nafurahi kusikia kwamba wewe ni mzima. Nilikuwa na wasiwasi. Tutakwenda kuiona barabara ya Ntoto pamoja. Kwa miguu, sivyo?"

Haikuwa rahisi kwa Bwana kukataa, maana mbele ya watu wote alikuwa amekula kiapo cha uzima. Wakashuka. Thacienne alimsindikiza mpaka kona ya kwanza, akimwambia pole pole, Papa, kilima ni kirefu.

Raphaël hakupata sifa yoyote. Kesho yake baba yake alimpeleka kwa watunza ngobi, akamwandikisha abebe upande wa nyuma kushoto, ambako mteremko humwaga uzito wote. "Unajua maneno mingi juu ya budaifu," Munyakazi alimwambia. "Sasa ujue uzito yake." Kiti cha wageni kilirudishwa ukutani, na kwenye maharagwe yake mama yake hakuokota mawe kwa siku kadhaa.

Ilikuwa siku ya soko wimbo uliposikika tena, safari hii kutoka upande wa msitu. Ulikuwa ule wa ngobi, wa taratibu, wa hatua zinazopokezana. Mkaguzi alikuwa amekwisha kupitiliza kwenda Walikale, akitembea kama mtu anayesikiliza muziki. Bwana Administrateri alikuwa amelifikia lile daraja lililoahirishwa, nalo halikungoja tena uamuzi. Lilimtia mtoni. Visigino vilikuwa vimechunika tangu siku ya kwanza. Juu ya hayo ikaja homa. Wanaume wa barabara walisuka ngobi palepale, wakamlaza. Na kwa kuwa mpando kutoka Ntoto ni mrefu na unataka mabega mengi, walikuja wote, wakipokezana. Mbonigaba alikuja nyuma yao na filimbi mdomoni, lakini hakuipiga, maana zamu yake ya kubeba ilikuwa inakaribia. Barabarani hakubaki mtu, isipokuwa majembe.

Wakafika uwanjani, wakasimama, jasho likidondoka. Evode akatoka mbio na kalamu.

"Tumupeleke meza gani?" aliuliza. "Ya mwili? Lakini alianguka na daraja, ile ni ya ine. Na kipoyi anaipendaka kushinda..."

Raphaël alifikiri kwa uzito wote wa elimu yake. "Unganisha zote tano," alisema. "Yote inamuenea."

Zikaunganishwa. Bwana akalazwa juu yake, na zilimtosha sawasawa, kichwa kwenye maana ya kwanza na miguu kwenye ya tano. Wanawake wakaleta uji. Wanaume wa barabara wakakaa kwenye majani, mmoja baada ya mwingine, wakanyoosha miguu, kama desturi inavyotaka: hakuna kazi mpaka mgonjwa asimame na kuwapa kasiksi kwa mkono wake. Hawakuwa na haraka ya kumwona akisimama. Nyasi zilikuwa laini.

Munyakazi akaja na fimbo yake, akavua blanketi lake mabegani, akamfunika.

"Papa," aliuliza kwa sauti ya chini, "umefika namna gani?"

Bwana aliangalia mabega yote yaliyokuwa yamepumzika uwanjani. "Juu ya mabega," alisema.

"Basi lala, Papa. Usiharakishe kupona. Barabara itakungoja."